Kuko Moto mu Chumba ya Serveur

Ninyi munaokaa na kale kataa kadogo ka kijani kanawaka mu telefone, munakaangalia, kiisha munalala, munasema serveur zote ziko bien, sogeeni hapa nione macho yenu. Aha. Njo vile nilifikiri. Hakuna hata moya kati yenu amenusa serveur.

Minye ni Mama Sifa. Shule niliionaka kwa inje tu, nikipeleka watoto. Lakini miaka mingi nilitumika mu nyumba ya mashine hapa Mulongwe, mu Uvira, nyumba ya kampuni moya ya connexion ya internet. Jina yake tuiache, wenyewe wangali hai na minye bado napita mbele ya mulango yao. Nilianza na kufagia. Nikamaliza nikiwa naambia wenye diplome: ile ya tatu iko mugonjwa, mufungue. Na walikuwa wanafungua.

Zile mashine za kuweka habari, serveur, ilikuwa sita, imepangwa mu kabati ya chuma kama sahani, mu chumba kidogo yenye clim, ile mashine ya kutoa baridi. Ndani yake kulikuwa mambo ya watu: fiches, kadi za wagonjwa wa hopitali, majina ya wanafunzi, barua za hapa na pale. Minye ndani na ufagio. Ku mulango alikuwa Papa Ramazani, sentinelle, mulinzi wetu, muislamu wa wale wa zamani wa Uvira wenye mababu walifika na biashara ya ziwa. Kiswahili yake ilinyooka kama kanzu yake. Na alikuwa muntu wa kufikiri kwanza. Ukimuuliza umeamukaje, anatazama chini, anatazama milima, kiisha njo anasema: "Kwa kweli... nzuri." Kati ya "kwa kweli" na "nzuri" uliweza kuenda kuchota maji na kurudi.

Chef wetu alikuwa na bureau, ofisi yake, upande ingine wa cour, ule uwanja wa ndani. Yeye alisema kwa pua, na kila neno aliifunga na n'est-ce pas, maana yake si njo vile, sawa muntu anayefunga mulango juu ya mbuzi. "Mama Sifa, chumba iko propre, n'est-ce pas." Usipojibu, anajijibu mwenyewe, anaenda amefurahi.

Na wa mwisho alikuwa Papy. Ingénieur. Huyu alikaa Kinshasa, na Uvira hakukanyaga hata siku moya. Tanganyika aliionaka mu picha. Lakini mashine yetu sita alikuwa anazichunga yeye, toka kule, na ekrani. Nasikia munacheka, juu ninyi munaona ni kitu ya kawaida. Minye sikuona kawaida. Muntu anachunga ng'ombe wake Rurambo ku milima akiwa amekaa Kamanyola mu bonde, weye utamuamini? Utamuuliza kwanza: nani iko anakunywa maziwa?

Ngoja niwaambie namna nilimujua. Ilikuwa juma yangu ya kwanza. Niliona serveur zinakaa uchi, vumbi inazikalia. Sasa ninyi munajua, mu nyumba yetu kitu ya bei haikae uchi. Televizyo inafunikwa, redio inafunikwa, hata kiti inavaa kitambaa. Nikaenda kwangu, nikachukua kitambaa nilishona mwenyewe na krosheti, nyeupe, na maua pembeni, nikafunika ile ya juu, mbele na nyuma, nikaipiga na mukono ikalala vizuri. Nikasimama mbali kidogo nikaangalia. Ilipendeza kama bibi-arusi.

Sijamaliza kuweka ufagio, telefone ya kazi inalia. Sauti ya kiume, nene, Kiswahili yake aliiokota ku telefone na sisi tu, kama muntu anayeokota mahindi nyuma ya camion. "Mama. Weye nafanya nini na serveur moya? Yeye iko anakosa pumuzi. Weye nafunika yeye?"

Nikatoa kitambaa haraka. Kiisha nikaangalia kila kona ya chumba. Muntu iko Kinshasa. Mulango imefungwa. Dirisha hakuna. Ameona namna gani kitambaa yangu?

Kesho yake nilikuja kazini na kitenge ya sherehe. Nikasuka nyewele. Nikaingia, nikasalimia serveur zote sita, bonjour, bonjour, nikafagia nikiwa nimenyoosha mugongo, juu sikujua jicho yake iko upande gani. Nikamuuliza Ramazani kwa sauti ndogo kama anafikiri yule muntu anatuona. Ramazani akatazama chini, akatazama milima. "Kwa kweli," akasema, "mwenye kuona yote ni moya tu. Huyu wa Kinshasa sijui anaona kiasi gani."

Papy njo alikuja kunieleza ku telefone, siku ingine, saa alichoka kusikia nasalimia telefone kwa hofu. Hakukuwa jicho. Mu tumbo ya kila serveur, anasema, kuko kamashine ingine kadogo. Kanaishi peke yake. Hata ukizima ile kubwa, kale kadogo kanabaki macho, bora tu umeme ikuwe. Kazi yake ni kupima: moto ya ndani ngapi, ventilateur, ile feni yake, inazunguka mbio gani, umeme inaingia vizuri ao inatetemeka, disque iko muzima ao inaanza kukohoa, na kama kuko muntu amefungua kifuniko. Kiisha kanapeleka habari yote Kinshasa, ku logiciel, ile programu ya Papy, na kule inatokea na rangi: kijani, machungwa, nyekundu.

Nikamuambia sawa, nimeelewa. Iko kachongezi.

Akacheka sana, lakini jina ikabaki. Hata yeye akaanza kuitumia: "Mama Sifa, kachongezi ya mbili inasema ventilateur inachoka, enda kuangalia." Na minye naenda. Njo vile nikawa mikono yake. Alinifundisha ku telefone, pole pole, na sitamusema vibaya kwa ile. Alinifundisha kwamba serveur inavuta pumuzi kwa mbele na kuitoa kwa nyuma, kwa hiyo usiweke kitu hata upande moya. Alinifundisha kupima na mugongo ya mukono, si na kiganja, juu kiganja ya mwanamuke wa jikoni imekufa zamani, haisikie tena kitu. Alinifundisha neno ya kazi: chaleur, Kifaransa ya ile moto ya mashine. "Chaleur iko namna gani?" Najibu: "Chaleur kidogo," ao "chaleur imepanda."

Ingine hakunifundisha yeye, nilijifunza na masikio. Ventilateur muzima inaimba neno moya, bila kupumua. Ile inayotaka kufa inaanza kuweka nukta. Vvvv, tak. Vvvv, tak. Ukisikia tak, usingoje rangi. Rangi inakuja nyuma, na viatu mu mukono, sawa muntu aliyechelewa. Na vumbi: mu musimu ya jua, ile upepo inayotoka bonde ya Ruzizi inaleta mashamba yote ya Sange mu chumba yako, na usilete kitambaa ya maji kuipanguza. Burashi kavu, ya laini, toka juu kuenda chini. Minye nilitumia burashi ya kupaka watoto pudre. Technicien wa Bukavu aliicheka. Kiisha akaniomba nimunulie ingine kama ile.

Mais huyu technicien naye ngoja nimuseme. Kijana, viatu inangaa, parfum inafika mbele yake. Serveur kila moya iko na mapafu mbili ya umeme, alimentation wanaita. Moya ikikufa, ingine inabeba. Kachongezi ya tatu ilisema pafu moya imekufa, wakamutuma kuja kuibadilisha. Nikamuonyesha: hii yenye kataa ka machungwa njo imekufa. Akaniangalia namna munaangaliaka mama mwenye ufagio. "Mama, acha wenye kusomea." Akavuta ile ya kijani. Ile muzima! Serveur ikalala pale pale, na hopitali nzima ikabaki bila fiche.

Alienda kwa chef akasema eti mama wa usafi aligonga câble. Na chef, pua juu: "Mama Sifa, uligonga câble, n'est-ce pas." Naanza kujitetea, nani ananisikiliza? Ni Papy aliniokoa, na kachongezi. Kalikuwa kameandika kila kitu: saa fulani pafu ya kushoto, ile muzima, imevutwa na mukono. Yule kijana akapanda bus na parfum yake.

Siku ile nilikapenda kale kamashine. Kiisha, nikiwa natembea kuenda kwangu, nikajiuliza: kama leo kamemuchongea huyu, kesho kakikosea, nani atakachongea kenyewe?

Ile ulizo muiweke pembeni, juu njo inatupeleka mahali nataka.

Kulikuwa kipindi umeme ilikuwa inacheza. Inakuja, inaenda, inarudi na nguvu. Kila asubui Papy alikuwa anapiga telefone, ananisomea hesabu ya moto ya serveur ya tatu, ile ya hopitali, juu ilikuwa muzee kuliko zingine. Minye kusoma sijui, lakini hesabu ya Kifaransa masikio inashika. Vingt et un. Vingt-quatre. Vingt-trois. Inapanda, inashuka, sawa muntu muzima. Kiisha siku moya akasema vingt-deux, ishirini na mbili. Kesho yake, vingt-deux. Kesho yake tena, vingt-deux. Kulikuwa siku moya clim ililala toka asubui mupaka saa sita, kitenge yangu ilishikana na mugongo. Nikangoja telefone yake kwa hamu. Akasema: "Mama Sifa, iko vizuri. Vingt-deux."

Nikamuambia, Papa Papy, huyu anakudanganya. Muntu muzima hajibu neno moya siku zote. Ukimuuliza mwanaume wako ulikuwa wapi, na kila siku anasema "kwa kaka yangu, kwa kaka yangu", utaenda kuona kama iko na kaka.

Akacheka ile kicheko yake ya Kinshasa, inatoka mu tumbo na inakaa njiani. "Mama, ekrani haidanganye. Iko kijani."

Kijani. Chura pia iko kijani.

Nikamuambia Ramazani. Ramazani akafikiri, akasema kwa kweli hesabu yenye haitembee si hesabu, ni picha. Tulikaa na ile maneno sisi wawili, nani mwingine angetusikiliza? Yeye alikuwa amebakisha kidogo tu apumuzike kazi. Aliniambiaka mara mingi kitu moya tu alitaka mu ile kazi: atoke namna aliingia, kwa mulango ya mbele, kanzu safi, na muntu yeyote wa Mulongwe asiwe na neno nyuma yake. Miaka yote ile alilinda vitu ya watu na hakuna hata sindano ilipotea. Jina ile njo alikuwa nayo. Shamba hakuwa nayo.

Basi, siku ya tisa ya vingt-deux, umeme ilikatika asubui na ikarudi na hasira. Nikafungua chumba. Moto ikanipiga mu uso kama unafunua sufuria ya bugali. Clim inanguruma lakini haitoe baridi. Nikaenda nyuma ya ile ya tatu, nikaweka mugongo ya mukono: haikai. Na ventilateur yake haikuimba, haikuweka hata nukta. Kimya. Na harufu, ile ya soli ya kiatu karibu na makala ya jiko.

Nikamuitia Ramazani afungue milango yote mbili, ya ndani na ya cour, ile moto ipate njia. Akafungua, akachukua karto, kipande ya boksi, akaanza kupepea. Minye nikashika telefone. Na hapa njo kosa yangu, sitaificha. Neno ya kazi ilikuwa chaleur. Miaka yote, chaleur. Siku ile hofu ilinitoa neno ya mama yangu.

Nikasema: "Papa Papy, kuko moto mu chumba."

Akauliza: "Moto?"

"Moto mingi."

"Mingi? Moto nani?"

Nikafikiri anauliza ni moto ya mashine gani. "Ya tatu. Iko nyuma ya tatu, iko inatoka."

"Mulango?"

"Iko wazi. Ramazani njo amefungua, itoke vizuri."

"Usiguse kitu, Mama. Napigia chef." Akakata.

Ninyi wenye munajua Lingala mumeanza kucheka, naona mabega. Minye Lingala yangu ilikuwa ya kucheza nayo muziki tu. Mu Kiswahili moto ni moto, inaunguza. Mu Lingala ya Papy, moto ni muntu. Na mingi kwao ni mingi, sawa kwetu. Sasa rudieni ile maneno na masikio ya Kinshasa: kuko muntu mu chumba. Wako wengi. Wamejificha nyuma ya serveur ya tatu, wako wanatoka. Na sentinelle Ramazani njo amewafungulia mulango, watoke vizuri.

Kwao neno moto iko na sauti mbili, najua, ya kuunguza inapanda na ya muntu inashuka. Lakini ku telefone, na hofu, nani anapima? Na tena aliangalia ekrani. Ingekuwa nyekundu, angeelewa. Ilikuwa kijani, vingt-deux. Kwa hiyo mashine ziko muzima, kwa hiyo Mama Sifa iko analilia wezi.

Minye nikabaki na furaha yangu ya upumbavu. Nikamuambia Ramazani chef iko anakuja na technicien. Chef alikuja na mapolisi wawili.

Hakuangalia hata chumba. Akaenda moya kwa moya kwa Ramazani, mwenye alikuwa bado na karto yake mu mukono. "Ramazani, watu uliofungulia wameenda wapi, n'est-ce pas?"

Ramazani akatazama chini. Akatazama milima. Njo vile alikuwa, ungemuuliza jina ya mama yake angetazama milima. "Kwa kweli..." akaanza.

Polisi mwenye tumbo akasema: "Munaona? Iko anatafuta uongo."

Hawakungoja alete "kwa kweli" yake mupaka mwisho. Wakamushika mikono, moya huku, ingine kule, wakatoka naye kwa mulango ya mbele. Ku barabara kuko meza tatu za wamama, ya ndagala, ile dagaa ya ziwa, ya nyanya, ya bunga, na wote wakageuza shingo mara moya. Muzee mwenye kanzu, kati ya bunduki mbili, mu jua ya asubui.

Na minye? Hapa nazungumza pole, juu haya ingali inanishika. Chef alisema "watu uliofungulia" bila kutetemeka, sawa muntu aliyeona. Nami nikajiuliza: kumbe? Pengine wakati nilikuwa nyuma ya mashine? Minye mwenye siamini rangi, siamini hesabu, siamini ingénieur, niliamini pua ya chef. Mufuko wa Ramazani ilikuwa chini ya kiti yake. Nikainama, nikaufungua, nikaangalia ndani. Kanzu ya kubadilisha. Tasbihi. Chupa ya maji ya kutawaza. Nikainua kichwa, na yeye, mbele ya meza ya ndagala, alikuwa amegeuka. Alinitazama. Kiisha wakamusukuma, akaenda.

Chef akaingia mu chumba na telefone wazi mu mukono, Papy iko ndani yake anaongea. Chef anahesabu serveur na kidole. Sita. Anahesabu tena. Sita. Jasho inamutoka, anasema clim munaizima juu ya nini, n'est-ce pas. Nikamuambia chef, acha kuhesabu, ile ya tatu iko inakufa. Anasema Papy iko anaona yote kijani, usibadilishe maneno. Nikamuambia weka mukono. Anasema Mama Sifa, minye natafuta wezi.

Basi, mwanamuke muzee iko na ruhusa moya mu hii dunia: anaweza kushika mukono wa chef bila kuomba. Nikamushika, nikamuvuta nyuma ya kabati, nikaweka kiganja yake laini ya bureau ku tumbo ya serveur ya tatu.

"Moto!" akalia.

Na Papy mu telefone, mbio: "Chef! Omoni ye? Kanga ye, akima te!"

Umemuona? Mufunge, asikimbie! Njo alikuwa anasema. Chef akabaki na vidole mu kinywa, anaangalia telefone. Yeye alisomea Kinshasa, lugha zote mbili anazo. Nikaona maneno inaingia mu uso yake moya moya, kama watu wanaoingia misa wamechelewa.

"Papy," akasema, na safari hii pua ilikuwa wazi kabisa. "Si muntu. Chaleur."

Kule Kinshasa, kasauti kadogo: "Chaleur? Mais... iko vingt-deux."

"Zima," minye nikasema. Sikungoja ruhusa, nikatia kidole ku bouton nikakishikilia namna alinifundisha, mupaka mataa ya mbele ikalala. Papy naye akaamusha kachongezi, akakalazimisha kuanza upya. Tukasikia anaandika, tak tak tak. Kiisha hakuandika tena.

"Quatre-vingt-onze," akasema. Tisini na moya.

Nyekundu. Kumbe kachongezi kaliganda siku moya umeme ilirudi na nguvu. Kalishika neno ya mwisho kalijua, na siku tisa kalikuwa kanairudilia kama kasuku. Logiciel haikukauliza kama kako hai. Ilisikia jibu, ikapaka kijani. Fiches za hopitali zilipona, juu Papy alikuwa anawekaka kopi ingine pembeni, namushukuru. Ventilateur tuliitoa imekufa, vumbi imeijaza kama mutama mu gunia. Na toka siku ile, niliwaambia wote wenye walikuja nyuma yangu, na ninyi nawaambia: hesabu ikikaa siku mbili bila kutembea, usifurahi. Enda kuigusa.

Chef akachukua telefone apigie ku polisi, waachilie muzee. Nikamuuliza atarudi na nini.

"Na miguu yake. Ilikuwa erreur ya lugha tu, Mama Sifa."

"Erreur ya lugha njo uende uitengeneze na lugha," nikamuambia. "Yako. Si ya telefone."

Tukaenda. Nilibeba mufuko wa Ramazani. Tulimukuta kwa polisi, amekaa ku banc, wamemuvua viatu, miguu yake myeupe na vumbi. Chef akaomba pardon, tena vizuri, pale mbele ya wale mapolisi wawili, mwenye tumbo anaangalia dari. Ramazani akavaa kiatu ya kuume. Akavaa ya kushoto. Akafikiri.

"Kwa kweli," akasema, "hapa hakuna mwenye ananijua. Njia njo iliniona."

Chef akaelewa, na hakufurahi. Tukarudi kwa barabara ile ile, chef na Ramazani bega kwa bega, minye nyuma. Ku meza ya ndagala chef akasimama, akasema kitu mu pua.

"Unasema nini, papa?" mama wa ndagala akauliza. "Unataka za kukauka ao za mubichi?"

Akarudilia. Huyu muzee hakuiba. Hakufungulia muntu. Sisi njo tulikosea. Mama wa ndagala akasema aah, sisi tulijua, na nilimujua vizuri, hakujua kitu, saa ile tu alikuwa ameanza kusema vibaya hata ukoo yake. Ku meza ya nyanya chef alisema kwa haraka, anataka kupita. Nikamuambia chef, haikusikika, hawa wa nyuma hawakupata. Akasema tena, na mapafu yake yote. Ku meza ya bunga hakuhitaji muntu amukumbushe. Alisema muzima, akapanguza uso na mouchoir.

Nikafikiri imekwisha. Nikamupatia Ramazani mufuko wake. Hakupokea.

"Na weye, Mama Sifa," akasema, "utasemea ku meza gani?"

Mama wa bunga akaacha kupima, kopo mu hewa. Chef akanitazama, hajui maana. Sauti ya kila muntu ninayo mu kinywa, munanisikia hapa. Ile saa nilitafuta yangu, ilikawia kuja.

"Huyu muzee si muizi," nikasema. "Na minye, saa walimupeleka, nilipekua mufuko wake."

"Ulikuta nini?" mama wa bunga akauliza.

"Kanzu. Tasbihi. Chupa ya maji."

Ramazani akachukua mufuko mu mukono yangu. Akaingiza mukono mupaka chini kabisa, chini ya kanzu, akatoa sambusa mbili zimefungwa mu karatasi. Moya akamupa mama wa bunga. Ingine akaiuma.

"Hata kupekua haujui," akaniambia, na safari hii hakufikiri kwanza.